Kikohozi cha Pikipiki ya Mama Masika

Vijana wangu, najua mnavyonisema. Mnapita hapa kwangu, karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, mko juu ya pikipiki zenu mpya, na mnaiona ile yangu ya zamani imeegemea ukuta chini ya bati. Injini imekwama, matairi yameoza, tanki limeshika kutu. Hata hivyo kila Jumamosi mnanikuta nimechuchumaa na kichupa cha mafuta, napaka kebo moja tu na kishikio kidogo kilicho chini ya mkono wa kushoto wa usukani. Mmoja wenu alisema nikiwa nasikia, "Muze iko anapakala maiti mafuta." Wote mkacheka. Sikukasirika, maana hakukosea sana.

Leo nitawaambia habari ya kebo ile. Nitapitia njia ndefu kidogo, mnivumilie, kwa sababu asiyeijua kazi yetu ataona tu kwamba nimezeeka vibaya.

Nimetengeneza pikipiki za deux temps tangu ndevu hazijaota, kwanza hapa Butembo, kisha Beni, katika Mulekera, mpaka vidole vilipokataa kukunja. Deux temps ni zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na mafuta ya injini ndani ya tanki lenyewe. Zinatoa moshi wa buluu na sauti kali, kama mtu anayegombana na jirani. Ninyi mmezaliwa zikiwa zinakwisha. Zenu zinapumua taratibu, na zikigoma mnakwenda kununua kipande kipya. Za kwetu hazikuwa na kipande kipya, zilikuwa na fundi tu, na fundi mwenyewe mara nyingi alikuwa na njaa.

Aliyenifundisha aliitwa Muze Kambale. Pikipiki ikiletwa inakohoa, alikusanya funguo zote, yaani spana, akazikalia. Kweli, alizikalia, makalio juu ya chuma, ili nisiguse hata moja. Kisha aliwasha injini na kuniuliza, "Unasikia nini?" Nikijibu kwamba ni kaburata au ni buji, yaani kile kijiti kinachotoa cheche, alinituma kuchota maji kule bondeni. "Mi sikukuuliza jina ya kipande," alinifokea nikirudi na ndoo. "Nilikuuliza, unasikia nini?" Nilichota maji mengi sana mwaka ule. Mke wake alinipenda kuliko yeye alivyonipenda.

Na baada ya kusikia, alimwuliza mwenye pikipiki. Inakohoa ukipanda au ukishuka? Asubuhi ya baridi au ikishapata joto? Umebeba nini? Petroli ulinunua kwa nani? Jana nani aliipanda? Watu walichoka na maswali yake, wengine walidhani anapeleleza. Halafu alichukua chaki, akachora mstari kwenye mshiko wa kuongeza mafuta na mistari mingine pembeni yake, akampa mtu aende na kurudi. "Ikikohoa, angalia mustari gani uko juu." Chaki hiyo ndiyo ilikuwa mashine yake ya vipimo. Ikikohoa unapoanza tu kuzungusha mkono, kile kitundu kidogo cha kaburata kimeziba. Ikikohoa mkono ukiwa katikati, tazama sindano inayopanda na kushuka ndani ya kaburata. Ikikohoa mkono ukiwa umefika mwisho, ni kitundu kikubwa, au bomba la moshi limejaa masizi, basi litoe ulichome kwenye makaa mpaka liwe jekundu. Na injini ikipanda yenyewe kama iliyopandwa na shetani huku hujaigusa, izime haraka, inavuta hewa mahali isipotakiwa, na usipoizima itajiua mbele yako. Hayo yote niliyapata kwa chaki na ndoo za maji.

Kulikuwa na kapiteni mmoja wa jeshi, ametoka mbali huko magharibi, alipangiwa huku. Alikuja analalamika kwamba pikipiki yake, moto kama tunavyoiita huku, imerogwa: "Papa, batu ya huku balilogea moto na ngai! Ku Beni iko natembea bien, nafika hapa inalia sawa mutoto. Ni bandoki!" Mke wake alikuwa ameshaiombea, na mafuta ya maombi bado yanang'aa kwenye taa. Nilimweleza kwamba Beni iko chini, hewa yake nzito, na Butembo tuko juu, hewa yetu nyepesi. Kaburata haijui kama umepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli ileile kwa hewa iliyopungua, na injini inapaliwa. Nikashusha sindano hatua moja, ikatulia. Nikamwambia, siku ukishuka Beni upite kwanza hapa niirudishe. Hakupita. Kule chini injini ilikauka, ikapata moto kupita kiasi, na kapiteni akarudi na pistoni iliyotoboka ameifunga ndani ya leso, akaniwekea mezani kama mtu aliyeng'olewa jino. Kile kilichoiponya juu ndicho kilichoiua chini. Nilicheka, nikafikiri nimeshaelewa jambo lote la kazi yangu.

Mwingine, mfanyabiashara, barabara ilifungwa kwa sababu ya vita akakosa mafuta ya injini, akachanganya petroli na mawese. Mawese ya kupikia! Huko Beni kwenye joto pikipiki ilikubali, inanuka makemba, zile ndizi za kukaanga, mbwa wanamfuata. Alipanda nayo Butembo akalala. Asubuhi baridi yetu iliyagandisha mawese ndani ya kaburata, nikayachokonoa kwa kijiti. "Muze, usiseme kwa bibi yangu," aliniomba, "ni mawese yake." Siku hizo bado tulikuwa na mambo ya kuchekea.

Halafu nilihamia Beni. Marehemu mke wangu alirithi kiwanja Mulekera, nikajenga hapo karakana ya mabati. Mmeyasikia ya Beni, sitayarudia yote. Nitasema tu yaliyofika mezani kwangu. Walikuja wateja wenye freni mbovu, na juma lililofuata pikipiki ileile ikaletwa na ndugu yao, kiti kimekatwa kwa panga. Nimeosha damu chini ya tanki kwa petroli. Damu ikikauka kwenye mapezi ya injini, zile kingo za chuma zinazopoza, haitoki kwa maji, na injini ikipata joto inanuka. Hakuna mtu aliyenifundisha hayo, na sipendi kuwafundisha ninyi. Lakini mtakutana nayo, na ni afadhali mjue.

Basi, Mama Masika. Alikuwa mkunga, mwanamke mfupi, mjane, mwenye sauti ya kuamuru hata akiomba maji ya kunywa. Parokia moja ilimwachia pikipiki ya deux temps iliyokuwa ya mapadri, nzee kuliko mapadri wenyewe. Alifunga sanduku la dawa nyuma, akavaa buti na blauzi yake nyeupe, akawa anapanda barabara ya Oicha kwenda kijiji kimoja kabla ya Eringeti, kuzalisha wanawake na kuchanja watoto. Madereva wa magari walikuwa wanangojana ili waende kwa msafara na askari. Yeye alikwenda peke yake. "Mimba haingoji msafara," alisema.

Alinijia kwa sababu pikipiki ilikuwa inakohoa. Haikuanza jana, ilikohoa tangu wakati wa mapadri. Lakini sasa kikohozi kilikuwa kimezidi, na kati ya Oicha na kijiji kile kuna kipande cha msitu ambacho mtu hataki kusimama hata kujisaidia.

"Muze Paluku," aliniambia, "iko siku itazimika mule ndani. Ikizimika, mi nimekwisha. Unasikia?"

Nilisikia. Nilichora chaki. Ilikohoa mkono ukiwa katikati tu, pale unapotembea mwendo wa kawaida. Ilipiga mara moja ikaruka mara moja, pa, kimya, papa, kimya, na moshi mwingi. Nilitoa buji, nyeusi na imelowa. Chujio la hewa lilikuwa safi. Bomba la moshi nikalichoma, haikusaidia. Nikatoa sindano ya kaburata, nikaiinua juani. Ilikuwa imelika upande mmoja kwa kutikiswa miaka yote ile, na kitundu inamopita kimekuwa na umbo la yai. Petroli ilikuwa inapita bila kuulizwa. Kule nyuma ya parokia palikuwa na pikipiki nyingine ya aina ile, imekufa zamani. Nikaitoa sindano yake na kitundu chake, vyote vizima, nikavihamishia kwa mgonjwa.

Ikaimba. Mama Masika alizunguka mtaa mzima, akarudi anacheka, na yeye hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Akanishukuru kwa lugha yetu: "Wasingya, muze. Sasa nitapita mule pori sawa risasi." Nilijisikia mwanaume siku hiyo.

Alirudi kutoka safari yake ya kwanza kabla jua halijazama, matope mpaka magotini, mikono ya blauzi ina damu. Nilisimama, nikaanza kumtafuta jeraha kwa macho.

"Muze, ulifanya nini moto yangu?"

"Iko nakohoa tena?"

"Hapana. Haiko nakohoa. Njo shida!" Alikaa chini kwenye tairi. "Nilifika, kijiji iko mbuzi tu. Batu yote balikimbia ndani ya mashamba ya kakao. Kanyere, ule mwenye mimba ya mwisho-mwisho, alikimbia na bengine, akaanguka ku mufereji. Nilimuzalisha mule mule, ndani ya matope, mvua iko nanyesha ku mugongo."

"Na mutoto?"

"Bako bazima bote. Mungu tu. Mi nilipiga makelele, ni mimi, ni Masika! Na kisha unajua balinijibu nini? 'Mama, hatukusikia kikohozi.'"

Hapo, vijana, lifikirieni kidogo. Nguo ya askari kila mtu alikuwa anaivaa, hata wauaji. Blauzi nyeupe kila mtu anaweza kuivaa. Watu wa kule walikuwa wameacha kuamini macho, wakabaki na masikio. Hawakukaa kikao wakakubaliana, walizoea tu. Wakiwa shambani, wakisikia injini wasiyoijua, waliingia msituni kwanza, maswali baadaye. Wakisikia kile kikohozi kikipanda kilima chao, walisema Mama anakuja, wakatandika mikeka. Yeye mwenyewe hakujua. Mimi ningejuaje? Ugonjwa wa pikipiki ile ndio uliokuwa jina lake.

"Unirudishie kikohozi yangu," alisema.

Nilikataa. Sindano ya zamani bado nilikuwa nayo, imelala kwenye kopo, lakini nilijua inakoelekea. Sindano iliyolika haiachi kulika. Leo inakohoa, kesho inalowesha buji, siku moja inazimika, na msitu ule ungekuwa hapohapo. Akinyamaza, kijiji kinamkimbia na wanawake wanazaa peke yao. Akikohoa, siku moja injini itamwacha mikononi mwa wenye mapanga. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliombwa kuleta ugonjwa, tena ugonjwa usioua.

Nilijaribu kwanza njia ya kijinga. Niliweka swichi ya kukata cheche kidogo-kidogo. Petroli isiyoungua ilikusanyika kwenye bomba la moshi, na cheche iliporudi ikalipuka, paa! Katika Beni, vijana, hamwezi kufanya vile. Mtaa mzima ulilala chini. Jirani yangu muuza maharage aliingia chini ya meza yake, na askari wawili wakafika mbio, vidole kwenye bunduki. Nilikaa nimeinua mikono huku nikiwaeleza habari za buji. Mmoja alitaka nipelekwe, mwenzake akasema, "Acha, ni muzee, iko anatengeneza tu." Mpaka leo sijui kama nilisamehewa au walinionea haya.

Kisha nilikumbuka starter. Kila pikipiki ya zamani ina mlango mdogo kwenye kaburata unaoongeza petroli asubuhi ya baridi, ili injini iwake. Injini ikishapata joto unaufunga, maana ukiuacha wazi inapaliwa. Inapaliwa namna gani? Hasa kama ile yenye sindano iliyolika. Pa, kimya, papa, kimya. Na ukiufunga, baada ya pumzi moja inarudi safi. Nilitoa kebo ya freni ya baiskeli, nikaifunga kwenye mlango ule, nikaileta mpaka kwenye usukani, na chini ya mkono wa kushoto nikaweka kishikio kidogo kinachovutwa kwa kidole gumba. Nikakata kizuizi kwa tupa ili kisivutike mpaka mwisho, injini isizimike hata mtu akiogopa akavuta kwa nguvu zote. Bila kidole cha mtu, pikipiki ile ilikuwa nzima kabisa.

Alikuja kuijaribu. Akavuta, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hapana. Yangu ilikuwa inakohoa polepole kuliko hii."

"Mama, kikohozi ni kikohozi."

"Kwako. Bale bananingoja banajua ile yangu."

Nilipunguza kizuizi, akajaribu tena, nikapunguza tena. Wapita njia walinicheka, fundi mzima anauza kikohozi. Mwishowe alifumba macho, akavuta, uso wake ukalegea. Ilikuwa ndiyo. Tulikubaliana tusimwambie mtu, hata wale wa kijijini, kwa sababu neno linalojulikana na kijiji kizima linajulikana na msitu pia. Katika kipande cha hatari alipita akiwa kimya, injini nzima, mwendo wote. Alipofika chini ya kilima chao ndipo alipoweka kidole.

Ikafanya kazi. Mikeka ilitandikwa tena. Na watu wa kule kwa huruma yao wakaanza kusema pikipiki ya Mama inatia aibu. Walimtuma yeye mwenyewe aniletee kuku, jogoo mnene, ili fundi wa Mulekera amalize kazi yake. Alinikabidhi jogoo huku anajizuia kucheka. "Banasema wewe ni fundi ya bure, muze." Nilimla yule jogoo, nikatuma jibu kwamba vipande vimeadimika. Ndiye kuku mtamu kuliko wote niliowahi kula.

Sasa nafika pale nisipopenda kufika.

Ilikuwa mchana, jua linawaka. Watu walianza kushuka kutoka Oicha na magodoro kichwani, na mmoja wao alisimama mbele ya karakana yangu akaniangalia tu. Nikajua. Wenye mapanga walimkamatia Mama Masika mle msituni, waliangusha mti barabarani. Askari walimkuta kando ya njia, wakamleta Oicha, na Jumapili tulimzika Beni. Wanawake aliowazalisha walijaa mpaka nje ya ukuta wa makaburi, wengine na watoto migongoni. Nililia kama mtoto, na sioni haya kuwaambia.

Pikipiki hawakuiacha. Habari zilisema wawili kati yao waliipanda, mmoja amevaa blauzi yake, wakaelekea kijijini, na wenzao wakafuata kwa miguu ndani ya kakao. Habari zikasema pia kijiji kimechomwa. Hapo zilikwisha. Watu wake walikuwa wametawanyika, wengine upande wa Ituri, wengine msituni, na hakuna aliyejua nani mzima na nani hapana.

Ndipo nilipoacha kulala. Niliona kilima kile ambacho sijawahi kukiona. Nilisikia pikipiki ikikipanda huku inakohoa. Je, kama walikiona kishikio, wakakivuta tu kwa kujaribu, kama kila mtu anavyojaribu kitu asichokijua kwenye pikipiki ya mwenzake? Je, kama walimlazimisha aseme? Niliona watu wanatandika mikeka. Niliona wanatoka kumpokea. Kikohozi kile nilikitengeneza mimi, kwa tupa, nikakipunguza mpaka kikafanana. Sikuwa na mtu wa kumwambia, maana siri tulikuwa wawili na mmoja alikuwa kaburini.

Pikipiki yenyewe ilipatikana baadaye, imetupwa mferejini, si mbali sana na kijiji. Lori la mbao liliniletea, maana kila dereva wa barabara ile aliijua. Nilifungua injini. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda, imekwaruzika kila upande. Wale watu walijaza petroli tupu bila kuchanganya mafuta, kama mnavyojaza zenu, na deux temps haisamehi hilo. Ilikwenda kidogo, ikajikaba yenyewe. Nilitazama kishikio. Kilikuwa na vumbi lake, lakini vumbi halisemi kitu. Ningeweza kuibandua pistoni ile. Nimebandua mbaya zaidi. Mkono haukutaka.

Kisha, mvua zilipoanza, mwanamke alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alikuwa amekimbilia Mulekera kwa shangazi yake, akasikia pikipiki ya Mama Masika iko kwangu, akaja kuiona tu. Alisema anaitwa Kanyere. Nilimpa kiti. Aligusa tanki, akamshusha mtoto, mtoto naye akaligusa. Ni yule wa mferejini, mzima, mnene, meno yameshaota.

Nilimwuliza, "Ile siku, mulisikia moto iko inakuja?"

"Tuliisikia, muze. Moto ya sauti ile, ku kwetu ilikuwa tu moja. Batoto balianza kuruka, Mama Masika, Mama Masika. Mi nilishika mukeka."

"Kisha?"

"Kisha tukangoja ikohoe ku kilima. Daima inakohoa pale ku kilima." Alimfunga tena mtoto mgongoni, akakaza kitenge. "Haikukohoa. Ilipanda kilima yote, iko inatembea muzuri, muzuri sana, sawa moto mupya. Tukaangaliana. Hakuna mutu aliuliza kitu. Tulibeba batoto, tukaingia ku pori, bote, hata bazee. Balichoma manyumba tu."

Niligeuka, nikashika kile kishikio. Aliniangalia, akadhani sijaelewa.

"Tulijua ameshakufa, muze," alisema. "Tulimulilia tukiwa tunakimbia."